Dripu si sifa, jamani!



Nilikuwa Mgololo, kule kwenye kiwanda cha karatasi, nikifuatilia habari nyingine kabisa, ya misitu. Tope limenishika, nikajibanza kwenye kibanda cha chai. Mama mmoja analalamika: mjukuu wake kalazwa ana homa kali, kapewa sindano na oksijeni, “lakini hawakumtundikia hata dripu moja. Sasa mwanangu, hiyo nayo ni hospitali?” Kibanda kizima kikasikitika. Na mimi, na digrii yangu, nikasikitika nao. Mtoto mwenyewe kapona, anakimbia nje!

Niliporudi nikasoma, nikaona aibu. Jibu lilipatikana hapahapa kwetu. Kati ya 2009 na 2011 ulifanyika utafiti uitwao FEAST, ukiongozwa na Profesa Kathryn Maitland kutoka Kilifi, Kenya. Hospitali zilikuwa Kilifi, nne za Uganda (Mulago, Mbale, Soroti, Lacor) na Teule ya Muheza, Tanga. Watoto zaidi ya 3,100 wenye homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofu. Wote walipata dawa na huduma za kawaida. Baadhi wakaongezewa maji ya haraka mshipani, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 12, hiyo ni nusu chupa hadi chupa nzima ya nusu lita.

Kila mtu alitegemea maji yaokoe. Ndani ya saa 48, kati ya kila watoto 100 waliopewa walikufa kama 10 au 11. Wasiopewa, 7. Utafiti ukasimamishwa kabla ya kufika mwisho. Na wengi hawakufa kwa mapafu kujaa maji kama ilivyohofiwa, ni mzunguko wa damu ulioporomoka.

Mkasema ni watoto tu? Mwaka 2017 yakatoka matokeo ya Lusaka, Zambia: watu wazima wenye sepsisi (maambukizi yanayovuruga mwili mzima) na presha ya chini. Waliomiminiwa maji mengi kwa mpango walikufa 48 kati ya 100, waliotibiwa kawaida 33.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kanuni ya kujaza maji imetoka kwenye nchi zenye wodi za wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia, ikaletwa kwetu kama ilivyo. Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake wa watoto 2016, miaka mitano baada ya FEAST kuchapishwa! Yangekuwa matokeo ya Boston, wangengoja hivyo?

Na sisi waandishi je? Watoto wa Muheza walitoa jibu, sisi tukaendelea kuandika “alitundikiwa dripu tatu” kama vile tunahesabu magoli.

Msininukuu vibaya. Anayeharisha na kukaukiwa, wa kipindupindu, maji ndiyo uhai wake. Wa kuhara hawakuwamo kwenye FEAST. Mwenye shoku kamili naye ana utaratibu wake, aamue daktari. Ninaowasema ni wale wanaouza dripu “ya kuongeza nguvu” kwa kila mwenye homa, na sisi tunaopanga foleni kuinunua.

Yule mama nitamtafuta nikipita tena Mgololo. Nina deni naye la maelezo, na la chai pia.