Bernarr Macfadden alikosea: udhaifu si uhalifu



Juma lililopita mama mmoja mhami alinionyesha simu yake. Kulikuwa na ujumbe uliotumwa mara nyingi kutoka kikundi hadi kikundi. Ulisema kwamba mtoto akila mboga, akinywa maji ya moto na kukimbia kila asubuhi, chanjo ya surua haina kazi kwake. Mama akaniuliza: "Muandishi, hii ni kweli? Maana kesho watu wa chanjo wanafika." Nilimjibu palepale: hapana mama, peleka mtoto.

Ujumbe ule si mpya. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita kulikuwa na mtu Marekani aliyejenga maisha yake yote juu ya maneno ya namna hiyo. Anaitwa Bernarr Macfadden, mhariri wa gazeti la afya na mazoezi.

Alizaliwa 1868 katika jimbo la Missouri. Baba yake alikuwa mlevi, mama yake aliuawa na kifua kikuu, naye akabaki yatima akiwa bado mtoto, mgonjwa-mgonjwa. Alipelekwa kwa mkulima, na kazi ya shamba ikamtia nguvu. Baadaye alipofanya kazi ya kukaa ofisini mjini, mwili ukalegea tena. Akaanza kuinua vyuma na kutembea kwa miguu mwendo mrefu, akapona. Hata jina alilibadilisha, kwa sababu aliona Bernard ni jina la mtu dhaifu.

Mwaka 1899, New York, alianzisha gazeti la Physical Culture. Aliandika pia vitabu vingi, pamoja na ensaiklopidia ya juzuu 5. Alifundisha watu kutembea, kulala madirisha yakiwa wazi, kuacha tumbako na pombe, kula matunda na mboga, na kuacha mkate mweupe. Aliwaambia wanawake nao wafanye mazoezi, wakati wengi waliona ni aibu. Mambo hayo mengi yalikuwa mema, na leo hata muuguzi wa kituo cha afya atakuambia hivyo hivyo.

Lakini kauli mbiu ya gazeti lake ilisema kwamba udhaifu ni uhalifu. Hapo ndipo mimi ninaachana naye.

Kwa sababu yeye alipona kwa mazoezi, alidhani kila ugonjwa unapona hivyo. Aliwadharau madaktari, akapinga chanjo, akawaambia wasomaji kwamba kufunga kula kunaweza kutibu karibu kila kitu. Aliishi miaka 87, na alipopita miaka 80 aliruka kutoka ndege kwa parachuti mbele ya waandishi wa habari. Watu walimwona wakaamini. Lakini alipougua mwishoni, mwaka 1955, alikataa matibabu ya daktari, akafa. Na ndui, ugonjwa ambao chanjo yake aliipinga, ulitoweka duniani kwa sababu ya chanjo ile ile. Shirika la Afya Duniani lilitangaza hivyo mwaka 1980.

Sisi hapa Kongo tunajua bei ya habari mbaya. Kati ya 2018 na 2020, Ebola iliua zaidi ya watu 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na uvumi ulifanya watu wakimbie timu za chanjo. Wakati huo huo, surua iliua zaidi ya watu 6,000 katika nchi yetu kuanzia 2019 hadi mwanzo wa 2020, wengi wao watoto wadogo. Watoto wale hawakufa kwa uvivu wa mazoezi. Walikosa chanjo, na wengi walikuwa na njaa.

Sasa niambieni, nani atamwambia mhami kwamba hana mazoezi? Mama aliyetembea siku mbili na mtoto mgongoni, anayebeba bidoni ya lita 20 kila asubuhi, tayari anafanya kazi kuliko mwanamichezo yeyote. Akiugua, si kwamba mwili wake ni mvivu. Maji ni machafu, choo ni kimoja kwa familia nyingi, chakula hakitoshi. Ukimwambia udhaifu wake ni kosa lake, unamwondolea lawama yule aliyemfukuza kijijini na yule anayepaswa kumletea maji safi.

Sisemi tutupe yote. Mzee anayekaa siku nzima kambini atembee kidogo kila jioni. Vijana wacheze mpira. Anayeweza kupanda lengalenga kando ya hema apande. Tumbako na pombe kali tuviache. Hayo yote tuyachukue kwa Macfadden bila aibu. Lakini mtoto mwenye homa aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, na siku ya chanjo wote tuwe kwenye mstari.

Neno langu la mwisho ni kwetu sisi tunaoandika na kusema kwenye redio. Macfadden hakuwa mwongo, aliamini alichoandika. Hilo halikumsaidia msomaji aliyemfuata akaacha dawa. Kabla ya kutuma ujumbe wa afya, tumuulize muuguzi au mtu wa RECO wa mtaa wetu.

Yule mama alinipigia simu jioni ya siku ya pili. Mtoto alichanjwa, akalia kidogo, akalala. Nanyi ambao watoto wenu bado, ulizeni kituo cha karibu siku gani wanachanja.