Macho ya mchimbaji yapigwe picha mapema

Ndugu wachimbaji, mama na baba wa familia, toka Kasongo mpaka Namoya na Salamabila: tunajua kudai bei nzuri ya dhahabu na miti ya kushikilia shimo. Leo tunadai macho.

Kuna ugonjwa unaitwa glokoma. Mara nyingi hauumi, na jicho halipati wekundu. Sisi watu weusi unatukamata zaidi kuliko wengine, tena mapema. Nyuma ya jicho kuna retina, ngozi nyembamba inayopokea mwangaza. Seli zake za neva zinapeleka habari kwenye ubongo kwa nyuzi karibu milioni moja. Glokoma inaua seli hizo polepole. Mtu anapoteza kwanza kuona kwa pembeni; mbele angali anaona vizuri, basi anasema yeye ni muzima. Lakini ndani ya shimo, jiwe halitokei mbele kila siku. Na seli ikishakufa hairudi, hata kwa operesheni. Dawa ya matone inapunguza presha ya jicho ili zilizobaki zilindwe.

Ndiyo maana tunataka picha. Pale neva inapotokea kwenye jicho kuna kishimo kidogo. Nyuzi zikikufa, kinapanuka. Munganga akilinganisha picha ya mwaka huu na ya mwaka jana, anaona hasara wakati mgonjwa mwenyewe hajaisikia.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya hospitali za Ulaya. Hapana. Nakuru, kule Kenya, mwaka 2013 na 2014 walipiga picha hizo kwa telefone iliyofungwa kifaa kidogo. Matokeo yalitoka 2016: picha za mtu asiye munganga, aliyefundishwa tu, zilikuwa nzuri karibu sawa na za fundi wa macho. Na telefone sisi tunazo mpaka kwenye mashimo.

Basi tunaambia kampani, koperative, ma-PDG wa mashimo na zoni za afya: kila mchimbaji wa miaka 40 na zaidi, na kila mwenye mzazi ao ndugu wa damu aliyepata glokoma, apigwe picha ya macho kila mwaka, na picha ibaki kwenye fishi yake. Anayekula faida ya dhahabu ndiye alipe, na matone pia, maana picha bila dawa ni kuhesabu hasara tu.

Na ninyi mama, mukiona baba anagonga mlango kwa bega kila mara, musimucheke. Mumupeleke kwa munganga.