Maswali Mawili Katikati ya Muhula

Wiki ya mwisho ya muhula, mwanafunzi anawaza mtihani, sapu na nauli ya kurudi nyumbani. Hapo ndipo chuo kinapomletea dodoso refu, ampime mhadhiri kwa alama 1 hadi 5. Anajaza 4 toka juu hadi chini, anarudi kwenye madaftari. Hata angelijaza kwa moyo, kozi imeshakwisha. Akinufaika mtu, ni wa mwaka ujao.

Ofisi huzipenda alama hizo kwa sababu ni rahisi kuzijumlisha, na mara nyingine huamua nani apande cheo. Mwaka 2018, msuluhishi William Kaplan alikizuia Chuo Kikuu cha Ryerson, Toronto, kuzitumia kupima ubora wa ufundishaji katika kupandisha vyeo. Ushahidi ulionyesha kwamba jinsia, rangi na hata lafudhi ya mhadhiri huzipotosha. Hata hivyo, Kaplan hakuwanyamazisha wanafunzi: alikubali kwamba wao ndio wanaojua yanayowapata darasani.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo. Aliyelala kitandani ndiye anayewajua kunguni wake, lakini hilo halimfanyi kuwa seremala. Mwanafunzi aulizwe kama sauti inafika nyuma, kama vipindi vinafanyika, kama kazi zinasahihishwa na kurudishwa. Kama mhadhiri ni bingwa wa fani yake, hilo wakalipime wahadhiri wenzake.

Kwa kazi hiyo, dodoso fupi linatosha. Marekani, walimu wa vyuo Thomas Angelo na Patricia Cross walisaidia kueneza karatasi ya dakika moja: mwishoni mwa kipindi, mwanafunzi anaandika jambo kuu alilojifunza na swali lililombakia. Kwa mtindo huohuo, aulizwe kinachomsaidia na kinachomkwamisha darasani, wiki ya tano au ya sita, bila majina, wakati bado kuna la kurekebisha.

Watakaosema karatasi za darasa la watu mia nne hazisomeki zote wana hoja, ila dawa ipo: zichomolewe karatasi arobaini bila kuchagua. Malalamiko yanayojirudia yatajitokeza humo.

Lililo gumu ni kipindi kinachofuata. Mhadhiri asimame aseme, "Mmesema naenda mbio, leo tunarudia mada ya tatu. Mmeomba mtihani uwe mwepesi, hilo haliwezekani." Asiyekuwa tayari kujibu hivyo, asigawe karatasi.