Miwani: tunalipia plastiki au utando?

Waagizaji wa miwani wa Dar es Salaam na Mombasa wamezoea kupatana bei kwa kutazama fremu na aina ya plastiki. Kwa maoni ya safu hii, hapo ndipo mtaji unapopotelea. Kinachomrudisha mteja dukani kwa hasira ni utando wa kuzuia mng'ao kubabuka, na wakati huo muuzaji wa ng'ambo keshapokea fedha zake.

Lenzi tupu hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga kila upande. Utando wenye unene wa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita hupunguza upotevu huo, na si jambo geni: Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss, Ujerumani, aliubuni mwaka 1935. Madini huyeyushwa ndani ya mtambo ulioondolewa hewa, mvuke wake ukatua juu ya lenzi. Lenzi ya kioo hupashwa moto hadi karibu nyuzi 300 za Selsiasi ili utando ukomae. Plastiki haistahimili moto huo. Bila moto, utando huota kama nguzo zilizoachiana nafasi, na nafasi hizo hunywa unyevu. Pwani yetu unyevu si haba.

Dawa yake ni ioni. Mvuke unapotua, bunduki maalumu huvurumisha atomi za agoni au oksijeni zenye chaji zikaupiga utando, mfano wa fundi anayeshindilia zege huku likimwagwa. Utando hushikamana bila lenzi kuungua. Lakini ioni zikiwa na nguvu kupita kiasi huuharibu, au huukaza hadi ukapasuka. Kwa hiyo muuzaji anayejigamba tu kwamba ana mtambo wa ioni hajakuambia kitu.

Mwagizaji adai sampuli kabla ya kufungua barua ya dhamana benki. Achemshe lenzi dakika chache katika maji ya chumvi, aitumbukize katika maji baridi, arudie mara kadhaa, kisha abandike utepe wa gundi na kuubandua kwa nguvu. Utando ukitoka na utepe, bei nafuu hiyo ni ghali. Ukibaki, tofauti ya bei inastahili kulipwa, na iandikwe katika mkataba kwamba shehena yote itakuwa kama sampuli.

Wapo pia wanaofikiria kununua mtambo wenyewe, hata uliotumika. Bühler ya Uswisi, inayofahamika sana kwa wenye vinu vya unga, iliinunua Leybold Optics mwaka 2012, kwa hiyo watengenezaji wa mitambo hii ni watu wazito. Hata hivyo mtambo hutaka umeme usiokatika, pampu zinazotunzwa na chumba kisicho na vumbi, na gharama hizo haziwezi kubebwa na oda za jozi chache. Mwenye fedha kidogo aanze na sampuli.