MLANGO WA DHARURA

Mfanyakazi atokaye kazini saa 11 jioni, naye ana kikohozi cha siku tatu, aende wapi? Zahanati ya mtaani kwake imekwisha fungwa. Basi ashika njia ya hospitali kubwa, aingia kwa mlango wa dharura, na hapo aketi ubavuni mwa mtu aliyegongwa na pikipiki.

Twawasikia wananchi wakinung'unika kwamba walifika mapema, lakini aliyekuja nyuma yao ametangulizwa. Manung'uniko hayo hayana haki. Katika idara ya dharura mgonjwa hapokewi kwa zamu ya kufika, bali kwa uzito wa hali yake, na ndivyo ipasavyo. Idara ya kwanza iliyokamilika ya namna hiyo katika nchi yetu ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010 tu, na madaktari na wauguzi waliosomea kazi hiyo hawajawa wengi. Dakika anayoitumia muuguzi kumpima mwenye mafua imetolewa katika fungu la anayevuja damu.

Kadhalika namba 115 ya m-mama. Iliwekwa kwa ajili ya wajawazito, mama waliojifungua na watoto wachanga walio hatarini. Na pasipo na gari la wagonjwa, huitwa dereva wa papo hapo mwenye gari lake. Dereva huyo akisumbuliwa kwa jambo dogo, mwenye uchungu wa kweli atangoja.

Hata hivyo hatupatani na wale wanaomtwisha mwananchi lawama zote, nao aghalabu ni watu wenye magari yao. Mpango wa afya ya msingi wa 2007 hadi 2017 ulikusudia zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Majengo mengi yamesimama. Lakini jengo lisilo na dawa, au lifungwalo kabla mfanyakazi hajavua ovaroli, halimpunguzii mtu safari. Homa ya mtoto yaweza kupimwa malaria zahanati kwa tone la damu, na jibu likapatikana kwa muda upatao dakika 20. Mzazi aliyejibiwa mara mbili kwamba vipimo vimekwisha hatakwenda mara ya tatu, wala sisi hatuna uso wa kumkemea.

Wala mtu asiyafahamu vibaya maneno yetu akakaa nyumbani. Degedege, kupumua kwa shida, damu isiyokatika, kuzimia, mjamzito aumwaye kichwa kwa ukali na kuona ukungu machoni: hao waende usiku huo huo, wasingoje kuomba ruhusa ya mume wala ya mkwe.

Kamati za usimamizi wa zahanati zipo, na wamo wananchi ndani yake. Yawapasa wana-Chama walio wajumbe waulize, katika kikao kijacho, ni dawa zipi zilizokwisha na tangu lini, na kwa nini katika kata za wafanyakazi kisiwepo hata kituo kimoja chenye zamu ya jioni.