Lami ya Kilambo ni ya nani?

Ukitafuta bustani ya kupumzikia Masisi au Walikale, mashariki mwa Kongo, utahangaika bure, lakini watu wa huko wana mahali pa umma wanapopapenda kwa moyo wote: barabara. Angalia Kilambo, kwenye njia ya Walikale kwenda Kisangani. Miaka ya 2000 kipande cha lami kiligeuzwa uwanja wa ndege, na ndege ndogo zikatua juu ya barabara yenyewe kubeba kasiteriti, yaani madini ya bati, kutoka mgodi wa Bisie hadi Goma. Ndege ikikaribia, magari yalisimamishwa, waendao kwa miguu wakajibanza majanini, magunia ya madini yakingoja pembeni. Septemba 2010 Joseph Kabila, rais wa wakati huo, alisimamisha uchimbaji, lakini mwananchi alikuwa ameshaonyeshwa kwamba barabara yake ina wenyewe. Hilo linaniuma, maana hapo ndipo watu wanaposalimiana, wanapouziana ndizi na mihogo, wanapoulizia ndugu waliopotezana vitani. Machi 2025 waasi wa M23 walipoingia Walikale mjini, wengi walikimbilia msituni. Waasi walipoondoka mwanzoni mwa Aprili, kurudi kusimama barabarani bila hofu kulikuwa ndiyo kurudi nyumbani. Goma iliijengea sanamu chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo barabarani, mwaka 2009, na ni haki, ila njia za Masisi zinakotoka viazi na maharagwe bado ni tope mvua ikinyesha. Wanaopanga ukarabati wa barabara wawaulize kwanza akina mama wa sokoni wanataka kuketi upande gani.