Kibanja Chetu Kisitutie Sumu Mezani

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, maji safi na lishe ya watoto. Mwezi huu tunaomba tutoke nje ya nyumba, hatua chache tu, tuingie kibanjani. Kwetu sisi wa Bukoba na Muleba kibanja si shamba la mbali. Migomba inaanzia karibu na ukuta wa nyumba, chini yake kuna mibuni na maharage, karibu na jiko kuna mchicha na nyanya, na barazani kuna maua kwenye makopo. Watoto wanacheza humo, kuku wanapekua humo, na wazee wetu wamelala humo. Basi chochote tunachonyunyiza kibanjani, tumekinyunyiza nyumbani.

Maoni yetu tunayatoa mapema ili kila familia iyapime: dawa ya sumu isiwe kitu cha kwanza tunachokimbilia tukiona mdudu. Iwe ya mwisho, na kwa mboga za nyumbani mara nyingi haihitajiki kabisa.

Sumu inavyoingia ndani

Wengi wetu tumeyaona haya. Dawa imenunuliwa kidogo kidogo, imemiminwa kwenye chupa ya soda, haina maelezo yoyote, nayo imefichwa chini ya kitanda. Jioni mama ananyunyiza mchicha kwa sababu vidukari wamezidi. Keshokutwa mchicha huo uko mezani. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini dawa za mboga zina siku za kungoja kabla ya kuvuna, na siku hizo zimeandikwa kwenye lebo. Chupa isiyo na lebo haiwezi kutuambia tungoje siku ngapi. Wala haiwezi kumwambia mtoto mwenye kiu kwamba hiyo si soda.

Tena, sumu si mshindi wa kudumu. Dieldrini ilitumika katika nchi nyingi dhidi ya fukusi wa migomba. Baada ya miaka fukusi wakapata usugu, huku dawa yenyewe ikibaki udongoni na katika mafuta ya miili ya watu na wanyama. Mwaka 2001 dieldrini iliwekwa katika orodha ya kemikali zilizokatazwa na Mkataba wa Stockholm. Mdudu alizoea, sisi tukabaki na mabaki yake.

Fukusi wa migomba hushindwa kwa subira

Fukusi ni mdudu mweusi, mgumu, mwenye mdomo mrefu uliopinda. Hutembea usiku, huruka kwa nadra sana, na hutaga mayai kwenye shina karibu na ardhi. Funza wake hutoboa tunguu, mizizi inakosa nguvu, na upepo ukija mgomba unaanguka pamoja na mkungu wake. Mdudu huyu anaishi muda mrefu lakini anataga mayai machache. Hapo ndipo penye udhaifu wake: ukiwapunguza wakubwa mwezi baada ya mwezi, kizazi kinapungua.

Mtego wake hauna gharama. Chukua gogo la mgomba uliovunwa karibuni, kata kipande cha sentimeta 30 hivi, kipasue katikati kwa urefu, kisha kilaze karibu na shina, upande uliopasuliwa ukitazama chini. Fukusi huvutwa na harufu yake. Baada ya siku tatu funua mapema asubuhi, okota fukusi na kuwaua. Magogo mengine yaliyovunwa yapasuliwe vipande vidogo yakauke, yasiwe nyumba ya kuzalia.

Unapopanda, chagua chipukizi safi, menya tunguu lake mpaka madoa na matundu yaishe, kisha litumbukize katika maji yanayochemka kwa sekunde 30. Maji yaliyochemka huua mayai na funza waliobaki karibu na ngozi ya tunguu. Kazi hiyo ifanywe mbali na mahali pa kupandia, na watoto wakae mbali na sufuria.

Hapa tunatoa onyo. Tangu mwaka 2006 mkoa wetu unaujua mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria. Ugonjwa huo huhama kwa kisu na panga. Basi usikate mtego kutoka kwenye mgomba mgonjwa, na panga lipitishwe kwenye moto kabla ya kuhamia shina jingine. Ua dume liondolewe kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Mnyauko huo hauna dawa ya kunyunyiza. Unazuiwa kwa usafi wa mikono na vifaa, na hilo peke yake ni fundisho.

Mboga, maua na maharage

Vidukari wa mchicha na wa maua ya barazani wana ngozi laini. Kwangua sabuni ya kipande kiasi cha kijiko kimoja cha chakula, iyeyushe katika lita mbili za maji, nyunyiza jioni hasa chini ya majani, na asubuhi suuza kwa maji safi. Jaribu kwanza kwenye majani machache, maana mimea mingine huungua. Kwa ua moja la kwenye kopo, kitambaa chenye maji ya sabuni kinatosha.

Miche ikikatwa usiku karibu na ardhi, fukua udongo kwa kijiti asubuhi hiyohiyo. Sota yupo hapo, amejikunja. Muue, kisha zungushia miche majivu makavu, na uyarudie mvua ikinyesha. Kwa kiwavijeshi vamizi wa mahindi, aliyeingia nchini mwaka 2017, kagua mahindi yakiwa bado machanga, ponda mayai yaliyo kwenye majani, na tia majivu kidogo ndani ya moyo wa mmea.

Maharage ya akiba yaanikwe juani mpaka yakauke vizuri, yapepetwe, kisha yachanganywe na majivu makavu yaliyochekechwa na kufungwa katika chombo kisichopitisha hewa. Vidonge vya kufukiza nafaka visitumike kamwe ndani ya nyumba wanamolala watu. Gesi yake huua watu kama inavyoua fukusi.

Si kila cha asili ni salama

Tusidanganyane. Maji ya tumbaku yana nikotini, ambayo ni sumu kali hata ikipita kwenye ngozi, na hatushauri yatumike kwenye mboga. Utupa wazee waliutumia kulewesha samaki. Usiuoshe wala kuumwaga karibu na kijito kinachoshuka ziwani. Hata pilipili huumiza macho na kifua. Tena si kila mdudu ni adui. Buibui na nyuki wanatusaidia, na senene ni kitoweo chetu. Asiwepo mtu wa kuokota senene kwenye nyasi zilizopigwa dawa.

Kazi hii ni ya nani?

Tunajua jibu la wengi: njia hizi zina kazi nyingi, dawa ni ya dakika kumi. Ni kweli. Na kazi ikiachiwa mama peke yake, ambaye tayari ana kuni, maji na jiko, atachoka na kuirudia ile chupa. Kwa hiyo tunasema wazi: mitego ya fukusi iwe kazi ya baba na vijana, kuokota viwavi iwe ya watoto wakubwa jioni, na mama abaki na bustani ya mboga tu. Nusu saa kila Jumamosi ya familia nzima inashinda siku nzima ya mtu mmoja.

Ikibidi kununua dawa, mwulizeni kwanza afisa ugani. Nunueni iliyosajiliwa, katika chombo chake chenye lebo ya Kiswahili, na mkumbuke kwamba mstari mwekundu kwenye lebo ni alama ya sumu kali kuliko zote. Ifungieni nje ya nyumba. Mtu akiimeza, msimlazimishe kutapika wala msimpe maziwa. Mkimbizeni hospitali iliyo karibu, iwe Rubya, Kagondo au ya Mkoa mjini Bukoba, na mchukue chupa yenyewe ili daktari ajue anapambana na nini.

Kinga ni bora kuliko tiba, tumeambiwa tangu utotoni. Jumamosi hii tuanze na jambo moja: tutazame chini ya vitanda na darini, tuitoe kila chupa isiyo na jina, na tumpelekee afisa ugani atuelekeze pa kuitupa. Kisha tukapasue gogo la kwanza.